Mzigo wa Mkwe Hauulizwi

Mimi ni mtu wa kupanga mizigo. Nisipojisifu kwa hilo, sina kingine cha kujisifia. Ofisini, idara ikihama jengo, naitwa mimi niseme kabati lipi liingie kwanza. Nyumbani kwetu Area D, gunia la mkaa, ndoo nne za maji na baiskeli ya zamani vinakaa kwenye kibaraza cha hatua tatu na mgeni bado anapita. Mama mkwe alipofariki, vitu ambavyo wazee walimpa mke wangu aondoke navyo nilivipanga mimi kwenye pikapu ya kukodi. Vilikuwa vingi kuliko gari. Nikapanga, nikapangua, nikashusha vitu vitatu vinne nilivyoona havina kazi mjini, nikakaza kamba, na dereva akanipa mkono kwa kazi nzuri. Mke wangu hakusema neno njia nzima mpaka Dodoma. Nilidhani ni msiba.

Miezi ikapita. Mwanzo wa mvua aliniaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake, dada wa baba yake, upande wa pili wa kinamasi cha Bahi, akamsaidie kupandikiza mpunga. Wiki mbili, alisema. Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa saba. Mvua za mwaka ule zilikuwa za kusimuliwa. Barabara ya kwenda kwa shangazi ilikatika, na bodaboda waliojaribu walirudi wamebeba pikipiki zao badala ya pikipiki kuwabeba wao. Lakini simu haikukatika. Nikipiga anapokea, ananisalimu vizuri, anauliza kama nimekula. Nikimwuliza anarudi lini, anasema, "Bado kidogo." Bado nini? Mpunga ulikuwa umeshapandikizwa. Hakunifokea, hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Mke akifoka unajua pa kuanzia kuomba msamaha. Nikakaa kitandani nikahesabu makosa yangu yote ya miaka minne ya ndoa, nikayapata mengi, ila hakuna hata moja lililotosha wiki saba.

Ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akapiga simu. "Shemeji, baba anasema kuna mtumbwi."

"Mtumbwi wa nini?"

"Ndivyo alivyosema. Kuna mtumbwi, na wewe una mikono miwili."

Nikaomba likizo ofisini.

Lazima nieleze kuhusu ukweni kwangu, maana pasipo hilo hakuna litakaloeleweka. Kwetu ni Kondoa, vilimani. Kule baba mkwe unamwamkia kwa heshima, unakaa naye mkekani, mnakula, mnaulizana habari za ng'ombe. Kwa akina mke wangu, Wagogo wa huko Bahi, mambo yalikuwa mengine. Sisemi Wagogo wote. Nasema ukoo ule, ulioshikilia ya zamani kwa kucha. Mkwe humtazami machoni. Huli naye sahani moja. Mzigo wake ukiuona unaubeba wewe, na huulizi una nini. Naye mkwe hakupi amri ana kwa ana, maana kumwamuru mume wa binti yake ni kumvunjia binti heshima. Akitaka kitu anampitishia mtu wa tatu. "Mwambie huyo asogee kivulini." "Mwulize huyo kama maji yamemtosha." Mtu wa tatu siku zote alikuwa mke wangu, amekaa katikati yetu akipeleka maneno kulia na kushoto, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa. Nilizoea. Hata nilianza kuliona ni jambo la raha, maana anayesemewa hakosei kusema.

Sasa nilikuwa nakwenda kusafiri naye siku tatu, wawili tu, kwenye mtumbwi, na mtu wetu wa tatu ndiye huyo tunayemfuata.

Nilitumia siku mbili kupanga begi langu la mgongoni. Unga wa sembe kilo nne, kwa sababu mkwe hashindi njaa mkwilima wake, mume wa binti yake, akiwepo. Karanga, sukari, majani ya chai, sufuria, betri ya kuchajia simu, mwavuli. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, suruali yangu ya kitambaa, shati jeupe na viatu vya ofisini, kwa sababu sikutaka mke wangu anione nimetokea matopeni kama kambale. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kitu kimoja tu sikubeba, kiberiti. Baba mkwe ni mtu wa tumbaku, nikajiambia, hawezi kukosa moto.

Nilimkuta amesimama kando ya mtumbwi. Ulikuwa wa gogo moja, mwembamba, mwepesi kwa jinsi mitumbwi ilivyo. Miaka ile ya ukame mbuzi walikuwa wakilishiwa pumba ndani yake, na harufu ilikuwa bado imo. Ufa wa ubavuni ulikuwa umezibwa kwa lami na kipande cha khanga.

"Shikamoo baba," nikasema, nikitazama miguu yake.

"Marahaba." Nikasubiri. Nikaona vidole vya miguu yake vinageuka polepole kuelekea kwenye gogo. "Mtumbwi," akasema, "mgeni wako amefika. Twende, jua linapanda."

Nikadhani nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya. Mzee alikuwa amekosa mtu wa tatu, akamtafuta, akampata.

Pembeni palikuwa na mizigo yake miwili. Mmoja ulikuwa kikapu cha ukindu. Wa pili ulikuwa kiroba cha salfeti kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa magunia. Nikakiinamia kiroba kwa mkono mmoja, kwa majigambo ya mtu wa kupanga mizigo, na kiroba hakikuinuka. Nikaweka mikono miwili. Kikainuka kwa shingo upande. Kilikuwa kidogo, si zaidi ya mto wa kulalia, lakini kizito kupita kiasi. Mzee akachukua begi langu, akalitupia begani kana kwamba limejaa sufi. Ndiyo adabu yao hiyo: mimi wake, yeye wangu.

Kukaa tu kulinishinda. Yeye alisimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Mimi mahali pangu ni mbele na kafi. Lakini nikikaa mbele nikitazama tuendako nampa mkwe mgongo. Nikigeuka namtazama usoni. Lipi ovu zaidi? Sikujua, na wa kumwuliza alikuwa kinamasi kizima mbali nami. Nikaamua kukaa kiubavu. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia hadi kwenye suruali.

"Mtumbwi," ikasema sauti nyuma yangu, bila hasira, "mtu akikukalia kiubavu, unazama."

Nikampa mgongo, aibu ikinichoma masikio.

Watu wakisikia kinamasi cha Bahi wanafikiri ni ziwa. Si ziwa. Ni maji, halafu si maji. Unasukuma nusu saa kati ya matete, samaki wanakurukia, unaanza kujiona baharia, mara chini pananyanyuka, mtumbwi unakwama kwenye tope, na mbele yako kuna nchi kavu yenye vichaka vya miba, au majaruba ya watu ambayo mpunga wake umeshakua kidogo na mwenyewe amesimama na jembe. Kuburuta mtumbwi kwenye jaruba la mtu ni ugomvi wa vizazi. Kwa hiyo unabebwa. Tulishusha mizigo, tukaupindua, tukakunja ngata za nguo kuukuu vichwani, tukaunyanyua, yeye mbele mimi nyuma. Ukitoka hapo unarudi mikono mitupu kuchukua mizigo. Kila nchi kavu tuliivuka mara tatu. Siku ya kwanza nchi kavu zilikuwa tano.

Anayebeba nyuma haoni kitu. Kichwa kiko ndani ya mtumbwi, gizani, kwenye harufu ya pumba, na kinachoonekana ni visigino vya aliye mbele. Miaka minne sikuwa nimemtazama mkwe wangu usoni kwa kituo, lakini visigino vyake navijua mpaka leo. Cha kulia kina ufa mrefu. Cha kushoto kina kovu la mwiba. Kuna wakati nilijikuta navisikiliza visigino vile kutafuta kama mwenyewe amenikasirikia. Vilikuwa vinatembea tu.

Kiroba kilinitesa kuliko mtumbwi. Mtumbwi tuliubeba wawili. Kiroba kilikuwa changu peke yangu, mara tano siku ile, na kitu fulani ndani yake kilikuwa na ukingo uliotafuta mfupa uleule wa mgongo kila mara. Nyavu zina risasi za kuzamisha, nikafikiri, labda ni nyavu. Nyavu hazina ukingo. Labda ni jembe la plau. Jembe la plau ni refu. Jioni nilikuwa nimefikia kuamini kwamba mzee amenijazia mchanga na kipande cha reli ili aone nitalalamika lini. Sikulalamika. Tena sikuwa na wa kumlalamikia.

Jua lilipoanza kushuka tukasimama kwenye kisiwa kidogo chenye mgunga mmoja. Nikatoa unga wangu. Yeye akafungua kikapu, akatoa unga wake, kilo nne au zaidi, na mlenda mkavu, kwa sababu mgeni hashindi njaa mkwe wake akiwepo. Nikatoa sufuria. Akatoa sufuria. Nikakusanya vijiti, nikavipanga vizuri sana, nikakaa. Yeye naye akakaa. Tukavitazama vijiti.

"Mtumbwi," akasema hatimaye, "mgeni wako wa mjini anawasha kwa nini?"

Nikakohoa. Haikuwa sawa kumjibu moja kwa moja, na kutomjibu haikuwa sawa pia. Nikageukia gogo, nikasema kwa sauti niliyoitumia mara ya mwisho nikiwa shule ya msingi, "Mtumbwi, mgeni alidhani baba ana kiberiti. Baba ni mtu wa tumbaku."

Nikasikia kikopo kinafunguliwa. "Mtumbwi, mwambie tumbaku hii ni ya kunusa."

Ugoro. Miaka minne, na sikujua kama mkwe wangu anavuta au ananusa. Tungeulizana neno moja tu kabla ya safari tungekuwa na moto. Lakini kumwuliza mkwe amefunga nini kwenye kikapu chake ni kumwambia unaogopa atakulaza njaa. Tulikaa migongo ikitazamana, kila mtu na karanga zake, katikati yetu kilo nane za unga. Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kulia. Sikuelewa hata ni kipi kinatangulia.

Asubuhi tulifika kwenye dago, kambi ya wavuvi wa perege waliojenga vibanda vya matete. "Mbukwenyi!" mzee akawaamkia, nao wakaitikia kwa furaha, na nilishangaa kumsikia akiongea nao maneno mengi mfululizo, akicheka hata. Walitupikia. Tulipoondoka walitupa makaa ya moto ndani ya kopo la maziwa lililotiwa mchanga chini, na kuanzia hapo tulikuwa na mzigo mmoja zaidi: moto. Kwenye nchi kavu za siku ya pili nilibeba kiroba mgongoni na kopo la moto mkononi, nikipuliza kila baada ya hatua ishirini. Ungeniona ungesema ni mganga.

Saa sita hivi lami ya ubavuni ilianza kuachia. Nilikumba maji kwa sahani, nikakumba, na kingo za mtumbwi zikazidi kushuka. Tukasogea kwenye tuta lililokuwa na kibanda cha mkulima, akatuuzia bamia, akatazama mtumbwi wetu akatikisa kichwa. Mbele, alisema, maji ni mapana na yana upepo. Mzee akazunguka mtumbwi, akauegemea.

"Mtumbwi," akasema, "umezidiwa. Kitu kimoja kishuke."

Kisha akaenda pembeni, akatazama matete, akafungua kikopo chake cha ugoro.

Hapa nisijipake mafuta. Kushusha vitu ndiyo kazi ninayoijua. Jicho langu lilikwenda kwenye kiroba bila kuombwa. Kilikuwa kidogo, kizito kuliko vyote, hakina faida inayojulikana, na kingeacha nafasi kubwa ya uzito. Begi langu lilikuwa na shati jeupe na viatu, vitu ambavyo bila hivyo nitasimama mbele ya mke wangu kama kibarua wa shamba la mtu. Nikaweka mkono kwenye kiroba. Nikakivuta hadi ukingoni mwa mtumbwi. Mzee alinipa kisogo, lakini nilijua anajua. Nikasubiri auambie mtumbwi kitu. Hakuuambia.

Nikauondoa mkono. Kwa nini, nimejiuliza mara nyingi. Ningependa kusema moyo wangu ulinong'ona. Haukunong'ona. Labda ilikuwa adabu, mzigo wa mkwe hauulizwi sembuse kutupwa. Labda ilikuwa woga mtupu. Nikachukua begi langu, nikampa yule mkulima aniwekee kibandani, na unga wangu, na sufuria yangu. Nikabaki na kaptura niliyokuwa nimevaa na fulana yenye tope. Mzee aliporudi alitazama ndani ya mtumbwi, akatazama kibanda, akashika upondo. Tukavuka yale maji mapana.

Siku ya tatu, nchi kavu ya mwisho, alikwenda nyuma. "Mtumbwi unataka kijana atangulie," akasema. Njia nilikuwa siijui. Nilitangulia hivyohivyo, nikiona kwa mara ya kwanza tunakokwenda, na nikaingia jaruba la mwanamke mmoja aliyenitukana kwa Kigogo tangu mwanzo wa tuta hadi mwisho wake. Nikateleza, nikaanguka kifudifudi, mtumbwi ukanifunika. Nilipotambaa kutoka chini yake nikaona miguu mbele yangu, imepakaa tope hadi magotini. Miguu hiyo sikuhitaji kuitazama mara mbili.

"Shikamoo baba," mke wangu akasema, akinipita.

Kwangu hakusema kitu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yalikuwa yamebaki kibandani pamoja na shati.

Nyumbani kwa shangazi tulikaribishwa vigoda. Shangazi ni mwanamke mnene, mcheshi, asiyejali sana mambo ya kutazamana. Alinipa maji ya kunawa, akaniambia nimekonda. Kiroba nikakiweka katikati ya uwanja. Mke wangu akakikata uzi kwa kisu cha jikoni, akatoa kitenge cha zamani kilichofungwa fundo, akalifungua.

Lilikuwa jiwe la kusagia. Bapa, jeusi, lenye bonde katikati lililolika kwa miaka, na juu yake mwanawe, lile dogo la mkononi. Mke wangu akapitisha kiganja kwenye bonde lile, polepole, mara mbili, kama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa.

"La mama yake," shangazi akanieleza, kana kwamba mimi ni mpita njia. "Na kabla ya mama yake, la bibi. Amemwomba baba yake alilete huku."

Nikasimama pale na kaptura yangu. Mwanamke akiagiza jiwe la kusagia la mama yake, haagizi la wiki mbili. Mwanamke anaweka jiwe mahali anapokaa. Siku tatu mgongo wangu ulikuwa umebeba kuhama kwa mke wangu, na niliubeba kwa uangalifu mkubwa.

Mke wangu akasema, bila kuinua macho, "Kwenye gari hukuliachia nafasi."

Hapo ndipo nikakumbuka. Ile pikapu. Vitu vitatu vinne visivyo na kazi mjini. Jiwe lilikuwa juu ya mifuko; nililishusha mwenyewe, nikaliweka chini mbele ya nyumba, nikasema, "Mawe hata Area D yapo." Dereva alicheka. Nadhani nilicheka na mimi. Mama yake alikuwa hajamaliza siku kumi kaburini.

"Nisamehe," nikasema. Lilitoka dogo.

"Kwenye mtumbwi uliliachia nafasi?"

"Ndiyo."

"Siku zote tatu? Hukutaka kulishusha?"

Nikatazama upande wa baba mkwe. Alikuwa amekaa kivulini, kikopo cha ugoro mkononi, anagonga kifuniko kwa kidole. Alikuwa anajua. Neno lake moja lingenimaliza.

"Hapana," nikasema. "Sikutaka."

Mzee akanusa, akapiga chafya, akajifuta kwa kitambaa. Mke wangu akalifunga jiwe kwenye kitenge na kuliingiza ndani.

Kesho yake nilijitafutia kazi. Nilipasua kuni. Nilipaka lami mpya kwenye ufa. Nilikula peke yangu. Jioni baba mkwe alitoka akachechemea hadi kwenye mtumbwi, ingawa visigino vile ninavyovijua havikuwahi kuchechemea njia nzima.

"Mtumbwi," akasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "goti limeniuma. Mimi nitakaa kwa dada yangu mpaka barabara ikauke. Wewe unachukua watu wawili. Tafuta wa pili."

Nilikaa pale nikizungusha kichwa. Alikuwa ananifukuza? Alikuwa ananisaidia? Aliagizwa jiwe, akaleta jiwe pamoja na aliyelikataa. Hiyo ni hekima, au mzee alikosa tu mtu wa kubeba? Sijui hata leo, na kumwuliza siwezi.

Asubuhi nilikwenda kuomba makaa kwa jirani. Niliporudi nikiwa mbali nikamwona mke wangu amechuchumaa ndani ya mtumbwi, anakumba maji ya usiku kwa kopo. Baba yake alikuwa amesimama kando, mkono ubavuni mwa mtumbwi, midomo ikicheza. Sikusikia. Nilipofika akanyamaza. Mke wangu alikuwa na furushi la nguo zake. Na katikati ya mtumbwi, pale ambapo mtu anayejua kupanga mizigo angeweka kitu kizito kuliko vyote, kilikuwepo kiroba.

Hakuniambia anakwenda wapi. Sikumwuliza. Alichukua upondo akasimama nyuma, maana yeye ndiye aliyekulia majini, nami nikakaa mbele na kafi na kumpa mgongo. Kwenye nchi kavu alitangulia. Nikamfuata gizani nikivitazama visigino vyake, vidogo, vyenye tope, na kila tulipoweka mtumbwi chini nilirudi kubeba kiroba nikiwa na uongo wangu juu yake. Vyote viwili vilizidi uzito kwa kila tuta.

Siku iliyofuata tukafika kwenye kibanda cha yule mkulima. Begi langu lilikuwa limening'inizwa kwenye mti. Tulikuwa tumeubeba mtumbwi, nusu ya tuta, nikashindwa.

"Ngoja," nikasema kutoka ndani ya mtumbwi. "Hapa. Ni hapa. Baba alisema kitu kimoja kishuke. Niliweka mkono kwenye kiroba. Nilikivuta mpaka ukingoni. Nilikudanganya."

Visigino vikasimama. Tukaushusha mtumbwi. Jua likaniingia machoni, na mke wangu alikuwa amegeuka ananitazama.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Baba aliuambia mtumbwi jana asubuhi. Mimi nikiwa ndani nakumba maji." Akakunja upya ngata yake. "Alisema, kijana aliweka mkono, akauondoa, akashusha viatu vyake. Kwa nini uliuondoa?"

Nilitafuta jibu zuri. Yalikuwepo mengi, na yote yalikuwa ya mtu mwingine.

"Sijui," nikasema. "Kweli sijui. Sikujua hata kilikuwa na nini."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Na bado ulipanda mtumbwi na mimi," nikasema.

"Nani kapanda na wewe? Mimi nimelifuata jiwe la mama." Akaweka ngata kichwani, akainama akashika upande wake. Safari hii hakushika mbele. Alishika nyuma, pale pa kutoona kitu. "Haya, nyanyua," akasema, na maneno hayo hakuuambia mtumbwi.